Maneno Aliyoyabakiza Paskazia

Katika boma la Maduhu, kilomita chache kutoka Segese, siku ilianza na ng'ombe. Maduhu alifungua zizi, akawapitia kwa macho mmoja mmoja, kisha akawatoa kwenda machungani. Mkewe, Paskazia, alianika michembe juu ya jiwe pana nyuma ya nyumba. Viazi vitamu vikikatwa vyembamba na kukaushwa vizuri, huliwa hadi mvua zirudi. Waliishi hivyo miaka thelathini na miwili, kila mmoja na kazi yake, na hawakuwa watu wa maneno mengi.

Jioni moja ya mwezi wa sita, Maduhu alivua katambuga zake za tairi akakuta msumari. Ulikuwa umetoboa tairi na kuingia kwenye unyayo. Damu ilikuwa imeshakauka. Alikuwa ametembea nao tangu asubuhi bila kuusikia.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Ngozi yangu imekomaa kuliko ya dume."

Haikuwa ngozi. Miaka miwili kabla ya hapo, zahanati ilimpima Maduhu ikamkuta na kisukari. Alimeza vidonge kwa miezi minne, akajisikia vizuri, akaviacha. Sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu hukanyaga mwiba, kaa la moto au msumari, asisikie kitu. Damu nayo hufika miguuni kwa shida, na kidonda kinakataa kupona. Maduhu hakuyajua hayo. Aliweka majani yaliyopondwa, akafunga kitambaa, akaendelea kuchunga.

Wiki ya tatu kidole gumba cha mguu kilikuwa cheusi. Wiki ya nne unyayo ulinuka na homa ikapanda. Zahanati ilimpakia kwenye gari la wagonjwa na kumpeleka hospitali kubwa ya mjini. Paskazia alikaa kando yake njia nzima, ameshika chupa ya dripu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

Wodini, Paskazia alikuwa mdomo wa mumewe. Kiswahili cha Maduhu kilikuwa cha mnadani. Kilitosha kuuza ng'ombe, kutania na kuomba maji. Cha daktari kilimpita. Paskazia alizaliwa Ushirombo na kumaliza darasa la saba huko, kwa hiyo kila aliyeingia na swali alimtazama yeye. Amelalaje? Amelala vizuri. Maumivu je? Hajambo kidogo. Anakula? Anakula. Maduhu alisikia sauti zikipita juu ya kichwa chake, akafumba macho.

Siku ya pili Daktari Athanas, daktari wa upasuaji, alisimama kwenye miguu ya kitanda na faili mkononi. Alisema wazi, bila kuzunguka. Nyama ya unyayo imekufa, na nyama iliyokufa haifufuki kwa dawa yoyote. Wadudu wa ugonjwa wanapanda. Inabidi mguu ukatwe chini ya goti, kesho saa nne asubuhi. Akamwomba Paskazia amweleze mumewe.

Paskazia alimgeukia Maduhu. Aliyaona macho yake, mekundu kwa homa, yakimtazama kama mtoto anavyomtazama mama yake. Alimkumbuka mjomba wake, aliyeambiwa ugonjwa wake asubuhi na kufa kesho yake jioni. Kwao walisema habari ndiyo iliyomuua. Basi akasema kwa Kisukuma, "Wanasema watakuingiza huko ndani wakioshe kidonda. Halafu utarudi."

Maduhu akatikisa kichwa kukubali. Fomu ya ridhaa ililetwa, na kidau cha wino. Akabonyeza dole gumba pale alipoonyeshwa. Daktari akashukuru na kwenda kitanda kingine.

Tangu saa hiyo Paskazia hakupata raha. Alijiambia kwamba mume wake akizinduka na kuukuta mguu haupo, angalau atakuwa hai. Kisha alijiuliza atamtazamaje usoni siku hiyo. Swali hilo lilirudi kila alipolifukuza.

Asubuhi ya upasuaji aliingia zamu muuguzi ambaye Paskazia hakuwa amemwona. Jina lake lilikuwa Rhoda. Alikuwa ametoka likizo kwao Mwadui. Alikuja na karatasi ya kumkagua mgonjwa kabla ya kupelekwa thieta, akavuta kiti, akaketi. Paskazia alishangaa. Kwa siku tatu hakuna aliyeketi.

"Mwangaluka, baba," Rhoda alimwamkia Maduhu kwa Kisukuma.

Maduhu alifumbua macho. "Mwangaluka, mayu. Kumbe humu ndani kuna watu."

Rhoda akacheka, akaanza maswali. Hajala tangu usiku? Ana meno ya bandia? Paskazia, kwa mazoea, akajibu. Rhoda akamwambia kwa upole, "Mama, nakushukuru. Ila haya ningependa kuyasikia kwake mwenyewe. Naomba ukae hapo mlangoni kidogo."

Paskazia alisimama. Akatii. Kutoka mlangoni aliweza kusikia kila neno, na ingekuwa heri asingesikia.

"Baba, nieleze kwa maneno yako," alisema Rhoda. "Leo watakufanyia nini?"

"Watakiosha kidonda. Wiki ijayo niko kwa ng'ombe wangu."

Rhoda hakushtuka, wala hakugeuka kumtazama Paskazia. Aliuliza, "Ukiutazama mguu wenyewe, unaonaje?"

Maduhu alifikiri. Akasema yeye ni mchungaji. Ng'ombe angekuwa na mguu kama huu, yeye angekuwa ameshaujua mwisho wake. Lakini hakuna aliyemwambia kitu, na yeye hakutaka kuuliza mbele ya watu.

"Unataka nikuambie ninachokijua?"

"Niambie."

Rhoda akamwambia. Alitumia sentensi fupi, akasimama baada ya kila moja. Unyayo umekufa. Hautapona. Daktari anataka kukata chini ya goti, ili sumu isiende mwilini. Maduhu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta blanketi hadi kidevuni, akageukia ukutani.

"Sikatwi," akasema.

Rhoda alimfuata Paskazia mlangoni. Paskazia alisubiri kugombezwa. Alikuwa tayari ameinamisha kichwa. Rhoda alimuuliza tu alikuwa anaogopa nini. Paskazia akaeleza habari ya mjomba, huku machozi yakimtiririka. Rhoda alisikiliza yote. Kisha akasema mjomba aliuawa na ugonjwa wake, si na habari. Mgonjwa akifichwa, mwili wake bado unamwambia ukweli kila saa, ila anabaki nao peke yake. Zaidi ya hayo, dole gumba lililobonyezwa bila kuelewa si ridhaa. Kosa halikuwa la Paskazia peke yake, Rhoda alisema. Ndugu hapaswi kubebeshwa kazi ya kufasiri habari nzito kama hiyo. Wahudumu wa hospitali ndio waliopaswa kumuuliza mgonjwa mwenyewe.

Daktari Athanas aliitwa. Aliifuta nafasi ya saa nne. Akaugusa mguu juu ya kifundo, akaonyesha wekundu uliokuwa umepanda tangu jana kwa upana wa vidole viwili. Homa ilikuwa thelathini na tisa na pointi mbili. Nafasi nyingine ya thieta ilikuwa saa tisa alasiri.

"Leo nakata chini ya goti," alimwambia Paskazia. "Tukingoja, nitakata juu ya goti. Tukingoja zaidi, sitakuwa na cha kukata kitakachosaidia."

Mwigulu, kaka mkubwa wa Maduhu, alifika saa tano kutoka kijijini. Alipoelezwa aliona jambo ni rahisi. Shemeji yake aweke dole kwa niaba ya mgonjwa, kwani mgonjwa ana homa na hajui anachosema. Paskazia alimtazama Rhoda kwa matumaini. Rhoda akatikisa kichwa kukataa. Maduhu alijua jina lake, mahali alipo, siku ya leo, na alielewa alichoambiwa. Mtu wa namna hiyo anajiamulia mwenyewe. Ndugu hawezi kuamua badala yake, hata kama anampenda kuliko mtu yeyote.

"Basi atakufa na akili zake," alisema Mwigulu.

"Hatujamuuliza kwa nini hataki," alijibu Rhoda.

Ilikuwa saa sita na nusu. Rhoda alirudi kwenye kiti. Safari hii alimwita Paskazia aketi upande wa pili, akamwomba jambo moja tu, kwamba asijibu chochote. Faili aliliweka chini. Kwanza alimwomba Maduhu aonyeshe maumivu kwa vidole. Kama hakuna maumivu, afumbe ngumi. Kama ni makali kuliko yote aliyowahi kuyajua, afungue vidole vyote kumi. Maduhu akainua vidole vinane, akagusa muundi: unyayo haukusikia kitu, lakini juu yake palikuwa pakiwaka.

Paskazia alihisi aibu ikimpanda usoni. Siku tatu amekuwa akisema hajambo kidogo.

"Mwanaume halii mbele ya wageni," Maduhu alisema, bado ametazama ukuta.

Rhoda alimwita mwenzake, dawa ya maumivu ikaingizwa kwenye mshipa. Akangoja hadi vidole viwe vinne. Ndipo aliposema, "Baba, umesema hukatwi. Nimesikia. Ningependa kujua kinachokusumbua zaidi ni kipi."

Maduhu hakujibu. Kimya kikawa kirefu. Paskazia alifungua mdomo ili akijaze, Rhoda akainua kidole kidogo tu, na Paskazia akaufunga. Nje, kitoroli cha chakula kilipita kikilia magurudumu. Paskazia aliona kama wekundu ule unapanda mbele ya macho yake.

Mwisho Maduhu akageuka.

"Mguu utakwenda wapi?"

Rhoda hakusema usijali. Alisema, "Unaogopa uende wapi?"

Hapo maneno yakatoka, polepole kwanza, kisha kama maji. Mnadani Maduhu alikuwa amekaa mara nyingi na wachimbaji wa dhahabu. Walisimulia kwamba duara, yaani shimo la kuchimbia, likikataa kutoa dhahabu, mwenye duara huenda kwa mganga, na mganga huagiza kiungo cha mtu. Walisema kiungo cha hospitali hupatikana kwa urahisi. Maduhu hakujua kama ni kweli. Lakini mguu wake ungeingia kwenye ndoo, na ndoo ingetoka mlango wa nyuma, na yeye amelala hajitambui. Sehemu yake itupwe kwenye shimo la mtu asiyemjua, ifanye kazi huko gizani, na yeye atembee juu ya ardhi akiwa nusu. Bora azikwe mzima.

Kitanda cha jirani alilala Abdulwahab, mfanyabiashara wa nguo aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri. Kisukuma alikijua kwa kuuza khanga vijijini miaka ishirini. "Mzee Maduhu," alisema, "mguu wenyewe umeoza hivyo. Hata fisi ataukataa, sembuse dhahabu."

Maduhu alimgeukia jirani yake.

"Wewe hujawajua fisi wa kwetu," akasema. "Hawachagui."

Abdulwahab akacheka hadi akashika kidonda chake. Maduhu naye akatabasamu kidogo. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu watoke nyumbani.

Rhoda hakulicheka jambo la mguu. Alisema masimulizi ya wachimbaji anayafahamu, na hajawahi kuona dhahabu ikijua habari za kiungo cha mtu. Dhahabu hufuata mwamba. Lakini hakung'ang'ania hapo. Alisema anachoweza kueleza kwa uhakika ni utaratibu wa hospitali hiyo. Mguu ukikatwa hufungwa na kuandikwa jina na namba ya mgonjwa. Huandikwa pia katika daftari la thieta. Mgonjwa huchagua. Ama hospitali inauchoma kwenye tanuri lake, ama ndugu wanakabidhiwa kwa sahihi wauzike.

"Mzee Mwigulu anaweza kusimama mlango wa thieta," alisema. "Akabidhiwe mkononi mwake. Hautapita mlango mwingine."

Maduhu alimtazama kaka yake. Mwigulu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, alisema, "Nitasimama. Nitauzika kando ya baba."

"Kuna kingine?" Rhoda aliuliza.

Kulikuwa na kingine. Maduhu aliuliza kama ataweza tena kufuata ng'ombe. Rhoda alisema hawezi kuahidi. Goti likibaki, wengi hujifunza kutembea kwa mguu wa bandia, baada ya kidonda kupona na kwa mazoezi ya miezi. Goti lisipobaki, ni vigumu zaidi. Akaongeza jambo ambalo Maduhu hakuliuliza. Baada ya kukatwa, atausikia mguu usiokuwapo. Vidole vitawasha, pengine vitauma. Mishipa iliyokuwa ikileta habari kutoka mguuni bado ipo, na ubongo haujazoea. Si uchawi, wala si mguu unaoita. Ikitokea aseme, kwa sababu ipo dawa, na kulikanda gutu, kipande cha mguu kilichobaki, likishapona husaidia.

Mwishowe Maduhu alimgeukia mkewe.

"Ulinidanganya mbele ya wageni."

"Niliogopa utakufa," alisema Paskazia.

"Mimi nilidhani umeshakata tamaa na mimi. Kila nikikutazama unatazama chini."

Paskazia aliushika mkono wa mumewe, naye hakuuondoa.

Ilikuwa saa nane na robo. Rhoda alimwomba tena aeleze kwa maneno yake watakachomfanyia. Maduhu akaeleza. Mguu wa kulia, chini ya goti, Mwigulu mlangoni, kaburi kando ya baba. Hakuacha kitu. Fomu mpya ikaletwa. Alilikandamiza dole gumba mwenyewe, kwa nguvu, kama mtu anayepiga chapa ng'ombe wake. Bangili yake ya shaba, aliyoachiwa na baba yake, haikuruhusiwa kuingia thieta. Rhoda hakuivua. Alimuuliza nani aitunze. Maduhu akaivua na kumvisha Mwigulu.

Upasuaji ulichukua muda wa saa moja na nusu. Paskazia alihesabu vigae vya ukuta, akasali rozari, akaanza upya kuhesabu. Mwigulu hakuketi hata mara moja. Mlango ulipofunguliwa alipokea kifurushi kizito, akasoma jina la mdogo wake kwa sauti, akatia sahihi. Daktari Athanas alitoka nyuma yake. Alisema goti limebaki.

Wiki zilizofuata hazikuwa rahisi. Sukari ilipanda na kushuka. Kidonda kilitoa majimaji siku ya tano, na Paskazia hakulala vizuri hadi kilipokauka. Lakini sasa Maduhu aliulizwa mwenyewe, naye alijibu kwa vidole. Rhoda alimfundisha Paskazia kuukagua mguu uliobaki kila jioni. Auoshe, aukaushe katikati ya vidole, atazame unyayo, apapase ndani ya viatu kabla havijavaliwa. Mguu usiosikia unahitaji macho ya mtu.

Walirudi Segese mwishoni mwa mwezi wa nane. Asubuhi moja Maduhu, akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi, alianza kukuna hewa mahali vidole vilipokuwa. Jirani yao Hosiana alimwona, akamvuta Paskazia pembeni. Akasema hiyo ni dalili mbaya. Mguu umezikwa vibaya, vidole vimekunjwa. Ufukuliwe, unyooshwe. Yeye anamjua mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Zamani Paskazia angetetemeka. Alimwambia Hosiana kwamba mguu umelala sawasawa, Mwigulu aliuzika mwenyewe kando ya baba yake. Kinachowasha ni mishipa, na waliambiwa kabla. Kisha akaenda kulikanda gutu kama alivyofundishwa. Baada ya muda Maduhu aliacha kukuna.

Mwezi wa kumi walikwenda kliniki ya kisukari. Maduhu alitembea kwa magongo mawili kutoka barabarani hadi mlangoni, bangili ya shaba, aliyorudishiwa na Mwigulu, ikigonga mti wa gongo. Ndani alikuwapo muuguzi kijana, mwenye haraka na foleni ndefu. Alimpima Maduhu, akaandika, akainua uso kumtazama Paskazia.

"Mama, vidonge anakunywa kila siku?"

Paskazia alihisi jibu likimjia ulimini, laini na tayari. Alilijua vizuri jibu hilo. Anakunywa.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Nitafasiri."

Muuguzi akamgeukia Maduhu na kumuuliza. Paskazia akafasiri. Maduhu alikiri kwamba wiki iliyopita aliacha siku tatu. Paskazia akafasiri hilo pia. Muuguzi akaweka kalamu chini. Alisema sukari imefika kumi na sita, na ikiendelea hivyo, mguu wa pili uko hatarini.

Maduhu alimtazama mkewe usoni. Paskazia hakutazama chini. Alimpa habari yote, neno kwa neno.

Maduhu akanyoosha mkono na kuvidai vidonge vya siku hiyo, na maji.